Magazeti ya Marehemu Shikanga

Sura ya Sita

Jumatano asubuhi, tarehe kumi Julai 1996, Inspekta Moraa aliandika sentensi tatu katika daftari lake.

Jael aliandika barua tatu za kusitisha jarida.

Ofisi ya jarida haikupokea barua hata moja.

Joash hakuziiba.

Zote tatu zisingeweza kuwa kweli. Kituo cha Kakamega kilikuwa kimeshachagua ya uongo, kikachagua ya tatu, kwa sababu mwenye sentensi ya tatu hakuwa na tai, hakuwa na ofisi, na hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Alikuwa sero tangu Jumamosi. Ijumaa angepandishwa kizimbani kwa wizi wa barua, na hakimu wa siku hizo hakuwa mtu wa kumtuma mshtakiwa nyumbani akaoge.

Moraa alisoma faili mara ya nne. Philemon Shikanga, mkulima wa miwa wa Ekero, alitia sahihi fomu ya jarida liitwalo *Mavuno Bora* Januari 1995. Aliitia akiwa foleni ya mzani wa miwa, mahali ambapo mkulima hawezi kuondoka, maana akiondoka trekta lake litapitwa. Wakala wa jarida alilijua hilo. Wenzake walilijua tangu mwaka wa sabini na tisa, walipowauzia watu wa foleni hiyo hiyo Biblia za picha ambazo wengine wao hawajaziona mpaka leo. Novemba 1995 Shikanga akafa. Jarida likaendelea kuja. Mjane wake, Jael Nafula, akaandika liachwe. Likaja. Akaandika tena. Likaja. Akaandika mara ya tatu. Likaja. Mwezi wa sita ikaja karatasi ya dalali: mtamba wake atachukuliwa kwa deni la jarida la mwaka wa pili. Jael akavaa viatu vya kanisani, akaja Kakamega kuuliza. Meneja wa jarida akamjibu kwa upole kwamba hajapata barua yoyote, akamuuliza: "Ulimpa nani aziposti, mama?" Akasema ni Joash. Meneja akamshika mkono, akamleta mwenyewe kituoni.

Upole huo ndio uliomfanya Moraa asome faili mara nne.

"Mlete," alimwambia Koplo Makhanu.

Joash alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, anashika suruali kwa mkono kwa sababu mshipi ulikuwa kwenye meza ya daftari la matukio, OB.

"Kaa, Joash."

"Nimekaa siku nne, Afande. Acha nisimame kidogo."

"Simama. Barua za Jael Nafula ulizipeleka wapi?"

"Posta. Mimi naendanga Kakamega kila Jumanne na mfuko wa kanisa. Sanduku la kanisa liko huku mjini, watu wote wa Ekero tunalitumia hilo. Ya mama niliiweka pamoja na za pasta, nikatumbukiza."

"Za pasta zilifika?"

"Hakuna mtu amekuja kulia hazikufika."

"Tulikukuta na stempu saba mfukoni."

"Za kanisa. Ukienda kwa fundi utamkuta na misumari."

Makhanu alicheka puani, akajifanya anakohoa.

"Shikanga alikuwa nani kwako?" Moraa aliuliza.

"Mjomba. Mama yangu ni dada yake."

"Na huyu mama aliyekushtaki?"

"Amenilea tangu darasa la pili." Joash alitazama faili mezani. "Alisema mwenyewe? Kwa mdomo wake, kwamba mimi ni mwizi?"

Moraa alifungua ukurasa wa maelezo. Sahihi ilikuwa ya Jael. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, mwandiko wa ofisi, wenye mikia mirefu. "Ametia sahihi," alisema.

"Basi," alisema Joash.

"Majarida yaliyokuwa yakija, nani aliyabeba kutoka posta?"

"Mimi. Yote. Mengine yalikuwa mazito, nikadhani wameongeza picha za matrekta."

Makhanu alimrudisha. Moraa akaandika neno moja pembeni mwa daftari: mazito. Akaliwekea alama ya kuuliza, kwa sababu hakujua linahusu nini.

*

Ofisi ya *Mavuno Bora* ilikuwa juu ya duka la viatu. Ofisi za aina hii hupenda kuwa juu. Mwenye malalamiko apande ngazi, afike akihema, na mtu anayehema haulizi maswali marefu. Meneja, Willis Osiako, alikuwa na feni ndogo iliyomwelekea yeye peke yake. Kwenye kona, nyuma ya taipureta, alikaa karani msichana aliyetambulishwa kwa jina la Gentrix.

"Inspekta, karibu. Soda? Gentrix, agiza soda."

"Sinywi. Nataka kuona mkataba wa Shikanga."

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Upande wa mbele kulikuwa na picha ya mkulima anayecheka. Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi ambayo hata mkulima yule wa picha asingecheka kama angeweza kuyasoma. Moraa aliyapeleka dirishani.

"'Mteja asipoandika kusitisha kabla ya mwisho wa mwaka, atahesabiwa amekubali mwaka mwingine,'" alisoma. "Shikanga alikufa Novemba. Angeandika vipi Desemba?"

"Ni huzuni," alisema Osiako. "Lakini kampuni haikuarifiwa. Sisi tungejuaje? Wateja wetu ni wengi, Webuye, Likuyani, mpaka Busia. Hatuendi matangani kwa kila mtu."

"Barua za mjane zingewaarifu."

"Kama zingefika." Alifungua mikono. "Ndiyo maana nilimsaidia mama yule. Nilimwonea huruma. Mtu wa nyumbani mwake anamwibia barua."

"Maelezo yake uliyaandika wewe?"

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Koplo wa zamu aliniruhusu."

Moraa aliomba daftari la barua zinazoingia. Aliletewa. Lilikuwa safi, mistari imenyooka, wino wa rangi moja kutoka Januari mpaka Julai. Hakukuwa na Jael, hakukuwa na Shikanga. Alilipekua mara mbili. Hakuna ukurasa uliochanwa. Alilirudisha, na kwa muda ule sentensi ya pili ikaonekana ndiyo ya kweli, na Joash akaonekana mwizi kweli.

"Majarida nani anayatuma?" aliuliza.

"Mimi," alisema Gentrix kutoka kona, bila kuinua macho. "Tarehe ishirini ishirini hivi. Natia kwa bahasha ya kaki, nabandika stempu."

"Stempu ngapi?"

"Moja. Gazeti lina bei yake, ni nafuu."

"Kila moja?"

Vidole vya Gentrix vilisimama juu ya taipureta. Osiako ndiye aliyejibu. "Kila moja, Inspekta. Ni karatasi tu. Ziwe tofauti kwa nini?"

Moraa aliandika: stempu moja, kila moja. Hakujua kwa nini ameliandika. Alikuwa ameandika mengi tangu asubuhi na hakuna lililoshikana na jingine. Kwenye ngazi alimwambia Makhanu, "Huyu mtu ana daftari safi kuliko la kituo chetu."

"La kituo chetu lina madoa ya chai, Afande."

"Ndiyo maana naliamini."

*

Nyumba ya Jael Nafula pale Ekero ilikuwa imezungukwa na miwa pande tatu. Mtamba mwenyewe, mwekundu, alifungwa karibu na mlango wa jikoni, ingawa zamani angefungwa nyuma ya nyumba. Jael hakutaka awe mbali na macho yake.

"Mulembe," aliwasalimu kwa lugha ya kwao, akawakaribisha viti. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Alipojua kwamba Moraa ni mtu wa Kisii alimwongelesha polepole, kama anayemwonea huruma.

"Mama, una nakala za barua ulizoandika?"

Jael alileta daftari la shule. Ndani yake barua tatu zilikuwa zimeandikwa kwanza kwa penseli, kabla ya kunakiliwa kwa kalamu. Tarehe tisa Januari. Tarehe tano Machi. Tarehe saba Mei. Maneno yaleyale: *Mwenye jina hili tulimzika mwezi wa kumi na moja. Naomba mwache kuleta kitabu.* Ya tatu ilikuwa na neno tafadhali mara nne.

Moraa alitazama kalenda ya kanisa ukutani. Siku zote tatu zilikuwa Jumanne.

"Na majarida yako wapi?"

Jael alielekeza kidole juu ya kabati. Kulikuwa na bahasha za kaki zimepangwa, na juu yake kofia ya mwanamume, na kando yake panga lililofungwa kwa gunia. Moraa alisimama, akanyoosha mkono.

"Usiguse."

Halikusemwa kwa sauti kubwa. Mkono wa Moraa ulibaki hewani.

"Hujafungua hata moja?" aliuliza.

"Ni yake. Yana jina lake."

"Lakini ni gazeti tu, mama."

"Na ile ni kofia tu," alisema Jael.

Moraa alimgeukia Makhanu, kwa maana yeye alikuwa mtu wa huku. Makhanu alivua kofia yake mwenyewe kabla ya kusema. "Katika ukoo huu, Afande, vitu vya marehemu havifunguliwi wala kugawanywa mpaka ukoo ukae kikao. Hata kinachokuja kwa jina lake baada ya mazishi, kinawekwa pamoja. Wangekaa Aprili, lakini mvua, halafu kuvuna."

"Basi naomba nizitazame bila kuzigusa. Naweza?"

Jael alifikiri. Alileta kiti, akapanda mwenyewe, akaziteremsha moja moja, akazipanga mezani. Zilikuwa nane, Novemba mpaka Juni. Kila moja ilikuwa na jina la Philemon Shikanga, sanduku la kanisa, na mhuri wa posta ya Kakamega. Moraa aliinama juu ya meza, mikono nyuma ya mgongo, akaenda kutoka bahasha ya kwanza hadi ya mwisho kama askari anayekagua gwaride. Akarudi. Akaenda tena.

"Makhanu. Hesabu stempu."

"Moja. Moja. Mbili. Moja. Mbili. Moja. Mbili. Moja."

"Zenye mbili zina mihuri gani?"

Makhanu alichungulia. "Ishirini na mbili Januari. Ishirini Machi. Ishirini Mei."

Moraa aliweka daftari la shule kando ya bahasha. Tisa Januari, ishirini na mbili Januari. Tano Machi, ishirini Machi. Saba Mei, ishirini Mei. Kila baada ya barua, bahasha moja yenye stempu ya ziada, kutoka kwa kampuni iliyosema stempu ni moja, kila moja.

"Mama, shika hii ya Januari kwa mkono mmoja, na ile ya Februari kwa mwingine. Ipi nzito?"

Jael alizipima kama anavyopima sukari guru sokoni. "Hii ya Januari," alisema. Kisha akamtazama Moraa. "Sasa hiyo ni nini?"

"Sijui bado."

"Mimi nilidhani polisi ndio wanajua," alisema Jael. Hakukuwa na dhihaka ndani yake. Alikuwa amechoka tu kuelezwa na watu wasiojua.

*

Posta, kabla ya kufunga, Pascalia wa dirisha la pili alimsikiliza Moraa bila kuacha kugonga mihuri.

"Gazeti lina bei ya gazeti," alisema. "Ukitia barua ndani, hilo si gazeti tena, ni barua. Nalipisha bei ya barua. Wengi wanajaribu kunificha. Mimi nafinya." Aliifinya hewa kwa vidole viwili. "Huyo msichana wa *Mavuno Bora* namjua. Nilimkamata mara moja mwaka jana. Tangu siku hiyo akiwa na barua ndani anabandika stempu ya pili mwenyewe bila kuambiwa. Msichana mwaminifu. Sijui anafanya nini kwa ofisi ile."

Nje, Moraa alifungua daftari. Aliikata sentensi ya pili kwa mstari.

"Nenda kachukue kibali cha upekuzi," alimwambia Makhanu. "Tunafungua bahasha zile leo."

Makhanu hakuondoka. "Ukifungua wewe, Osiako atasema ni wewe umetia barua ndani."

"Afungue Jael."

"Hawezi. Utamvunjia mji wake."

"Basi afungue nani? Lazima kuna mtu. Ninyi hamwezi kuwa na vitu ambavyo havifunguliki na mtu yeyote."

"Yuko. Omwiwa. Mtoto wa dada wa marehemu. Yeye ndiye anatanguliza mkono, hata kabla ukoo haujakaa, halafu wengine wote wako huru."

"Tumtafute. Anaishi wapi?"

Makhanu alimtazama muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anayengoja mkubwa wake afike mwenyewe. Moraa alifika.

"Sero," alisema.

"Ndiyo, Afande. Siku nne sasa. Tano kesho."

*

Alhamisi saa nne, chumba cha OCS, mkuu wa kituo, kilijaa. Jael alikaa karibu na dirisha na bahasha zake nane ndani ya kitambaa. Osiako alikaa karibu na mlango. Alikuwa ameitwa kama shahidi, na alikuja na tai tofauti na ya jana. Gentrix alisimama nyuma yake. Moraa alikuwa ameomba waje wote wawili, na alikuwa ameomba kwa upole.

Joash aliingia akishika suruali. Hakumtazama Jael. Jael aliitazama ile suruali.

"Kuna bahasha tatu hapa," alisema Moraa. "Nataka zifunguliwe mbele ya watu wote. Nimeambiwa mwenye haki ya kuzifungua ni wewe."

Joash aliziona. Alielewa haraka kuliko Moraa alivyoelewa jana. "Mimi siwezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Imeandikwa mimi ni mwizi. Mwizi hatangulizi mkono kwa vitu vya marehemu. Muulize koplo."

Makhanu alitazama sakafu. Osiako alisimama. "Inspekta, nina kazi ofisini. Haya mambo ya mila..."

"Kaa," alisema Moraa. "Mama Jael?"

Jael alimwelekezea Osiako kidole. Nje mtu alikuwa anasukuma gari lisilotaka kuwaka. "Huyu bwana aliniuliza ulimpa nani," alisema. "Nikasema Joash. Hakuniuliza kama nadhani ni mwizi. Alisema tu, basi ni yeye. Nikaona ana tai, ana ofisi, ana karatasi. Mimi nina nini? Nikatia sahihi. Nimekulea na nikatia sahihi."

"Sijasikia neno la kunisafisha," alisema Joash, akitazama ukuta.

"Fungua, mwiwa."

Hapo Joash alikaa. Alikuwa na kucha ndefu za siku tano. Alipasua bahasha ya Januari pembeni, bila haraka, akavuta jarida. Kwenye jalada kulikuwa na trekta. Alilitikisa. Karatasi iliyotaipiwa ikaanguka mezani, na kadi ndogo.

"Soma wewe," alisema Moraa.

"'Bwana Philemon Shikanga,'" alisoma Joash. "'Tumepokea barua ya mkeo ya tarehe tisa Januari, ikitaarifu kifo chako.'" Alisita. Akasoma mstari ule tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Afande, wanamwandikia yeye?"

"Endelea."

"'Kwa mujibu wa mkataba, ni mwenye jina peke yake awezaye kusitisha. Tia sahihi kadi hii wewe mwenyewe, uirudishe katika siku kumi na nne. Usipoirudisha, tutahesabu umekubali kuendelea. Wako, W. Osiako, Meneja.'"

Mtu wa gari nje alifaulu. Injini iliwaka, ikaenda zake.

Bahasha ya Machi ilikuwa na barua ileile. Ya Mei pia, isipokuwa sasa ilimshukuru marehemu kwa uaminifu wake.

"Jumamosi uliandika kwa mkono wako kwamba hamkupokea barua," Moraa alimwambia Osiako. "Ulijua tangu Januari kwamba mtu huyu amekufa, ukampelekea dalali Juni. Na alipokuja mjane kuuliza, ukamtafutia mwizi ndani ya nyumba yake."

"Ni barua za kawaida," alisema Osiako. "Zinatumwa na msichana. Mimi natia sahihi rundo zima. Gentrix..."

"Mimi natia stempu," alisema Gentrix. "Barua zikija unaniambia nisiandike kwa daftari, nizijibu ndani ya gazeti. Jana ulisema stempu ni moja. Sikusema mimi."

Osiako alifungua mdomo, akaangalia mlango. Makhanu alikuwa amesogea mbele yake bila kuonekana akisogea.

Jael alikuwa bado amekunja uso. "Afande, nieleze polepole. Ningerudisha hiyo kadi, wangeacha?"

"Kadi ilitaka sahihi ya mtu aliyekufa. Usingeweza kuirudisha. Iliandikwa hivyo ili usiweze."

"Na mimi nimenyamaza siku kumi na nne, mara tatu. Si nimekubali?"

"Hapana. Kunyamaza si sahihi. Mtu akikuletea kitu ambacho hujaagiza, hawezi kusema umenunua kwa sababu hukumfukuza mlangoni. Na maiti hakubali mwaka mwingine, aandike nani aandike. Barua yako ya kwanza ilitosha. Hata bila tafadhali."

Jael alihesabu kitu kwa vidole, Januari mpaka Julai. "Kwa hivyo sikuwa na haja ya kuandika hizo zingine."

"Hukuwa na haja."

"Na yeye hakuwa na haja ya kukaa hapa."

Moraa alisukuma karatasi ya kuondoa mashtaka mbele ya Jael. Safari hii maelezo aliyaandika Jael mwenyewe, kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu, polepole, watu wote wakingoja. Makhanu alileta mshipi kutoka meza ya OB. Joash aliuvaa, akaukaza tundu moja ndani kuliko alivyokuja nao.

Barua tatu na kadi tatu zilitiwa ndani ya bahasha ya ushahidi. Moraa alielekeza kidole kwenye bahasha tano zilizobaki juu ya kitambaa, zenye stempu moja moja.

"Na hizi? Azimalizie hapa hapa?"

Jael alizikusanya, akazipanga kwa miezi, akazifunga ndani ya kitambaa. Hakumpa Moraa. Alimpa Joash, kwa mikono miwili.

"Hizo," alisema, "atazifungulia nyumbani."